Njama na Dhima

Lugha yetu imetuhifadhia neno dogo la kubebea majuto makubwa, nalo ni laiti. Mwenye kulitamka huwa amekwisha kuyaona yaliyotokea, na hana tena uwezo wa kuyageuza. Kando ya laiti limekaa neno lau. Hili halijuti, bali lauliza: lau mambo yangalikwenda vingine, sisi tungalikuwa nani? Wanasarufi wametufundisha kuwa -ngali- ni kiambishi cha mlango uliokwisha kufungwa, ilhali -nge- huacha upenyo wa matumaini. Ipo fani nzima ya riwaya na tamthilia za televisheni iliyosimama juu ya -ngali- hiyo. Mtunzi hulishika tukio moja la historia, akaligeuza, kisha akaiachia dunia ifuate njia hiyo mpya hadi mwisho wake. Kwa kukosa jina lililozoeleka, na tuiite historia ya lau.

Makala haya yahusu tamthilia moja ya fani hiyo, na hasa mpinduko mmoja wa kisa uliomo ndani yake, ambapo yadaiwa kuwa nyuma ya yote tuliyoyaona palikuwa na njama. Swali langu si iwapo mpinduko huo wasisimua, maana wasisimua kweli. Swali ni la maadili: ikidhihirika kuwa mtawala aliyewadhulumu watu alikuwa akiendeshwa na mkono uliofichika, je, wale waliomchagua, waliomshangilia na waliozitekeleza amri zake huwa wametakasika?

Tamthilia yenyewe yaitwa The Plot Against America. Ilionyeshwa na HBO ya Marekani kwa sehemu sita, baina ya mwezi wa Machi na Aprili 2020. Walioiandika ni David Simon na Ed Burns, nao waliitoa katika riwaya ya Philip Roth yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 2004. Roth alizaliwa mjini Newark, jimbo la New Jersey, mwaka 1933, na alifariki mwaka 2018 kabla kazi hiyo haijafika kwenye televisheni. Tukio linalogeuzwa ni uchaguzi wa Rais wa mwaka 1940. Katika historia tuijuayo, Franklin Roosevelt alimshinda Wendell Willkie akaingia katika kipindi chake cha tatu. Katika historia ya lau, anayeshindana na Roosevelt, na kumshinda, ni Charles Lindbergh. Huyu ni yule rubani aliyekuwa kipenzi cha taifa tangu mwaka 1927, aliporuka peke yake kutoka New York hadi Paris bila kutua, kwa muda wa saa 33 na nusu.

Lindbergh wa hadithini hana ahadi nyingi. Huenda mji hadi mji kwa ndege yake, huwaambia watu wachague baina yake na vita, kisha huruka tena. Anapoingia Ikulu anapatana na Hitler, na Marekani inabaki nje ya vita. Mtazamaji anayengoja kuona kambi za mauaji hatazikuta. Anachokikuta ni mambo madogo madogo yenye majina mazuri. Kuna mpango wa kuwapeleka vijana wa Kiyahudi mashambani ili wakaijue nchi yao. Baadaye unakuja mpango wa kuwahamisha wafanyakazi wa Kiyahudi pamoja na aila zao, watolewe katika mitaa waliyozaliwa na kutawanywa katika majimbo ya mbali. Hakuna anayesema neno adhabu. Kila kitu chaitwa fursa.

Yote hayo twayatazama kwa macho ya nyumba moja ya Newark: Herman Levin, wakala wa bima, Bess, mkewe, na watoto wao wawili, Sandy na Philip. Kwao amekulia pia Alvin, yatima wa nduguye Herman, ambaye anatoroka kwenda kupigana na Wajerumani katika jeshi la Kanada na kurudi amekatika mguu. Upande wa pili yuko Evelyn, dada yake Bess. Huyu anaolewa na Rabi Lionel Bengelsdorf, mwanachuoni fasaha wa lafudhi ya Kusini, anayesimama hadharani kumpigia Lindbergh kampeni. Alvin ndiye anayeitambua hila ya jambo hilo. Rabi yule, asema, hawapati Mayahudi wamchague Lindbergh. Anachokifanya ni kuwapa watu wengine ruhusa ya kumchagua bila dhamiri kuwasuta, kwa kuwa sasa wanaweza kusema: mbona hata rabi yuko naye?

Ndipo unapokuja mpinduko. Mwaka 1942, nchi ikiwa imo katika ghasia baada ya kuuawa kwa mtangazaji wa redio Walter Winchell, aliyethubutu kumpinga Rais, Lindbergh anaruka kwa ndege yake mwenyewe baada ya hotuba, wala haonekani tena. Serikali inawakamata watu, na Rabi Bengelsdorf ni mmoja wao. Usiku Evelyn anakimbilia kwa dada yake akiwa ametaharuki. Huyu ndiye yuleyule aliyekuwa akicheza dansi katika Ikulu na Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje wa Hitler. Amekuja na siri, na siri hiyo ndiyo ufunguo wa hadithi yote.

Ili tuielewe siri hiyo, hatuna budi kukumbuka jambo la kweli. Tarehe 1 Machi 1932, mtoto wa kwanza wa Lindbergh, wa miezi 20, aliibwa kutoka chumbani kwake. Tarehe 12 Mei maiti ya mtoto ilionekana si mbali na nyumba yao. Mtu aitwaye Bruno Richard Hauptmann alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongewa katika kiti cha umeme mwaka 1936. Hayo yamo katika historia. Evelyn anasema mengine: kwamba mtoto hakufa. Watu wa Hitler walimwiba, wakaacha maiti ya mtoto mwingine, wakamlea mwana wa Lindbergh Ujerumani. Tangu hapo baba hakuwa na hiari. Kugombea kwake urais, kupatana kwake na Hitler, mipango yake juu ya Mayahudi, yote yalikuwa maagizo kutoka Berlin, na rehani ilikuwa roho ya mwanawe.

Hebu tukubali kwanza kuwa hadithi hiyo ina mvuto mkubwa, tena wa aina mbili. Mvuto wa kwanza ni wa kisanaa. Mambo yote yaliyokuwa yametapakaa yanakusanywa kwa uzi mmoja, na mtazamaji huona raha ile aionayo msomaji wa kitendawili kilichoteguliwa. Mvuto wa pili ni wa moyo, nao ndio wenye hatari. Yule tuliyemchukia anageuka kuwa baba mwenye kutiwa kabari. Nani hatamwonea huruma? Na akishaondoka huyo katika kiti cha lawama, kiti hubaki kitupu hapa kwetu, na mwenye kukikalia yuko ng'ambo ya bahari, haonekani, wala hatuna udugu naye.

Evelyn anaihitaji hadithi hiyo kuliko mtu yeyote. Ikiwa Lindbergh alikuwa kikaragosi, basi Lionel alidanganywa, na ikiwa Lionel alidanganywa, basi na mkewe kadhalika. Wote wawili wamekuwa wahanga. Zile barua za kuwahamisha majirani, yule mpwa aliyempeleka Kentucky na kumgeuza dhidi ya wazazi wake, ile furaha ya kuketi karibu na wakubwa, vyote vinatoka mikononi mwake na kuhamia katika mikono isiyojulikana.

Pwani yetu ina msemo kwa hali kama hiyo. Mtu akishafanya jambo la aibu, likajulikana, akaitwa mbele ya wazee aulizwe, husema: shetani kanipitia. Si lazima awe mwongo. Huenda ndani ya nafsi yake aona kweli kuwa si yeye aliyetenda, kwamba kilimpitia kitu, kikamtumia, kikaenda zake. Lakini wazee wenye busara hawabishani naye kuhusu kuwapo kwa shetani. Wala hawasemi kuwa hakupita. Huuliza swali jingine: alipokupitia, mlango aliukuta umefungwa au umeegeshwa? Shetani ni mwenye kuita. Kuitika ni kazi ya mwanadamu.

Bess hakusoma falsafa, lakini anajibu kama wazee hao. Dada yake amesimama mbele yake, anatetemeka, anaomba afichwe. Bess anamsikiliza, na hadithi ya mtoto aliyeibwa haimlainishi. Hajishughulishi kuipima kama ni kweli au si kweli. Anamtoa nje. Watazamaji wengi wameuona ukali huo kuwa umepita kiasi, nami naelewa kwa nini. Dada ni dada, na usiku ule ulikuwa wa hatari. Lakini mtu awe na kumbukumbu. Kwa sababu ya ule mpango wa kuhamisha watu ambao Evelyn aliutumikia, jirani yao wa chini, mjane mwenye mtoto mmoja aitwaye Seldon, alipelekwa Danville, mji mdogo wa Kentucky. Mjane yule ameuawa njiani wakati wa ghasia. Seldon alibaki peke yake ndani ya nyumba, na ni Bess huyuhuyu aliyekuwa kwenye simu, umbali wa mamia ya maili, akimpoza na kumwelekeeza ale nini, huku akijua kuwa mama wa mtoto harudi. Aliyetoka kuzungumza na Seldon hawezi kupokea maelezo kuwa chanzo cha yote ni Berlin.

Hapa naona kiini cha jambo. Udhuru ni wa yule aliyelazimishwa, wala haurithiwi. Tuchukulie kwamba Evelyn asema kweli tupu, kwamba Lindbergh alitiwa kisu cha shingo kwa roho ya mwanawe. Basi Lindbergh ana udhuru, na sheria za dini na za dunia zitampimia hukumu yake kwa mizani nyingine. Lakini ni nani aliyemtia kisu mwenye hoteli ya Washington, aliyeipokea aila ya Levin ikiwa imelipia chumba, kisha akawatolea mizigo yao nje alipowatambua? Ni nani aliyemlazimisha yule mgeni aliyemtukana Herman penye sanamu ya Lincoln, kwa kuwa tu Herman alisema kwa sauti aliyokuwa nayo moyoni? Ni mtoto wa nani aliyewekwa rehani hata wale wa Kentucky wakamwua mama mjane barabarani? Hakuna barua iliyowafikia kutoka Berlin. Walichopata ni ishara tu kutoka juu kwamba sasa yaruhusiwa, na kumbe walikuwa wakiingoja.

Njama, hata ikiwapo, yaweza kumweka mtu mmoja kitini. Haiwezi kuzitia chuki nyoyoni mwa mamilioni katika muda wa miaka miwili. Chuki hiyo ilikuwamo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sisi aghalabu huufasiri msemo huo kwa jamaa mnafiki au rafiki msaliti. Lakini nguo iliyo karibu zaidi na mwili ni nafsi yenyewe.

Historia ya kweli inatusaidia hapa, kwa kuwa inaikanusha siri ya Evelyn bila kuhitaji mabishano. Lindbergh wa kweli hakuwa na mtoto rehani Berlin. Hata hivyo mwezi wa Oktoba 1938 alipokea nishani ya Ujerumani kutoka kwa Göring, na hakuirudisha hata baada ya dunia kuona yaliyowafika Mayahudi mwezi uliofuata. Alikuwa msemaji mashuhuri kuliko wote wa America First, jumuiya iliyoundwa mwaka 1940 kupinga Marekani isiingie vitani. Na tarehe 11 Septemba 1941, mjini Des Moines, jimbo la Iowa, alisimama mbele ya umati akayataja makundi matatu aliyodai kuwa yanaisukuma nchi vitani: Waingereza, Mayahudi na serikali ya Roosevelt. Hakunong'onezwa na mtu. Maneno aliyatamka mwenyewe, kwa kinywa chake, mchana wa historia.

Na tazama, msomaji, yale maneno ya Des Moines yalikuwa ni nini. Yalikuwa ni madai ya njama! Lindbergh aliwaambia Wamarekani kuwa nyuma ya mambo yaonekanayo kuna kundi dogo lenye kushika magazeti, redio, sinema na serikali, nalo lavuta kamba kwa maslahi yake. Huo ndio wimbo wa kale wa chuki dhidi ya Mayahudi: mkono uliofichika. Sasa anapokuja Evelyn kutueleza kuwa Lindbergh mwenyewe aliendeshwa na mkono uliofichika, ametuletea dawa iliyochotwa katika mtungi uleule wa sumu. Ametufundisha kuifikiria dunia kama anavyoifikiria adui yake: kwamba watu wa kawaida ni vipofu, hawatendi, hutendwa, na kwamba kwa kila balaa kuna mgeni wa kutafutwa. Mwenye kuzoea kufikiri hivyo leo amlaumu Mjerumani, na kesho, upepo ukigeuka, atamlaumu Myahudi kwa hoja ileile. Ndiyo maana nadhani waandishi wa tamthilia walifanya vyema kuiweka siri hiyo kinywani mwa mwenye hatia, saa ya kutafuta maficho, wala wasiithibitishe kwa picha hata moja. Tunaisikia tu. Kuiamini au kutoiamini ni mtihani wetu.

Mtu atanipinga, na haki anayo: je, njama hazipo? Zipo, tena nyingi, na historia imezishuhudia. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1939, watu wa SS walikivamia kituo cha redio cha Gleiwitz, karibu na mpaka wa Poland, wakajifanya kuwa Wapoland, ili Hitler apate kusema ameanza yeye kushambuliwa. Alfajiri iliyofuata majeshi yake yakaingia Poland. Hiyo ni njama iliyothibiti. Mwenye kukana kuwapo kwa njama ni mjinga, na watawala humpenda mjinga wa namna hiyo. Lakini angalia kile tunachojifunza kutoka Gleiwitz. Uongo ule ulifumwa usiku mmoja na watu wachache, ilhali waliopiga bunduki, walioendesha magari ya moshi, waliogawana nyumba za waliofukuzwa, walikuwa maelfu kwa maelfu, nao walifanya kazi hiyo kwa miaka. Kuijua njama ni wajibu wa mwanahistoria na wa hakimu. Kosa huanza pale ambapo kuijua njama kunachukua mahali pa kujihesabu. Maswali ni mawili, nayo hayabadilishani nafasi: nani aliita, na nani aliitika?

Tamthilia hii ina njama ya pili, na hiyo haisemwi bali twaonyeshwa. Alvin, kijana wa mguu mmoja, anaingizwa na watu wa siri katika kazi ya mitambo ya mawimbi ya redio. Tunamwona kazini, kisha ndege ya Rais inapotea. Katika riwaya ya Roth jambo hilo halimo. Ni nyongeza ya Simon na Burns, na mimi naihesabu kuwa nyongeza yenye maana. Kwa njia hiyo mtazamaji aliyekuwa akiomba moyoni Lindbergh aondoke amepewa alichokiomba, na amepewa kwa mkono uliofichika. Sasa ni zamu yetu sisi tuliokaa upande wa Levin kuulizwa: njama ikiwa yetu, twaipenda?

Sina jibu jepesi. Alvin amepigana na Hitler kwa mwili wake, na hakuna awezaye kumwambia kuwa hakujitolea. Lakini tazama kinachofuata. Rais ameondoka, na nchi haipoi. Ghasia zinazidi, watu wanakamatwa, na wenye chuki wanaona katika kupotea kwa ndege ushahidi mpya wa kile walichokiamini siku zote. Alvin anarudi nyumbani kwa ami yake Herman akiwa na siri asiyoweza kuisema. Ami, ambaye imani yake ni kura, sheria na redio, anamwona kijana aliyejitafutia fedha na raha wakati nchi yaungua. Kijana anamwona mzee wa maneno matupu. Wanapigana sebuleni hata damu inatoka, wawili ambao kwa hakika walikuwa upande mmoja. Njama imemwondoa mtawala, lakini kwa kuwa ni njama haiwezi kusemwa, na kisichoweza kusemwa hakiwezi kumfundisha mtu wala kupatanisha nyumba. Mkono uliofichika waweza kuvunja. Kujenga kunataka uso.

Ndiyo sababu mwisho wa tamthilia ni mzito kuliko mwisho wa riwaya. Roth aliirejesha historia katika njia yake: Roosevelt anarudi madarakani, Wajapani wanaishambulia Pearl Harbor, Marekani inaingia vitani kwa kuchelewa mwaka mmoja tu, na ndoto mbaya imepita. Simon na Burns hawakutupa faraja hiyo. Wanatuonyesha siku ya uchaguzi maalumu wa mwaka 1942. Watu wamejipanga kwa mistari mirefu. Mahali fulani mpiga kura anaambiwa jina lake halimo, mahali pengine mashine za kura zinabebwa na kuondolewa, na kura zinachomwa moto uwanjani. Herman na jamaa zake wamekaa kando ya redio wakingoja matokeo, na hadithi inaishia hapo hapo, matokeo hayajulikani. Wanaozichoma kura zile si mawakala wa Berlin. Ni Wamarekani wenye majina na anwani, ambao asubuhi yake watakwenda kazini.

Tusije tukadhani kuwa hayo ni ya -ngali- peke yake. Katika mwaka huohuo wa 1942, historia ikiwa imekwenda kwa njia yake ya kweli, Lindbergh hakuwa Rais. Rais alikuwa Roosevelt, yule ambaye nyumba ya Levin ilimwombea ushindi. Tarehe 19 Februari alitia saini amri iliyowezesha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, thuluthi mbili yao wakiwa ni raia wa Marekani, kutolewa katika nyumba zao za Pwani ya Magharibi na kuwekwa makambini. Amri hiyo ilitangazwa wazi. Mahakama Kuu ya nchi iliipitisha mwaka 1944. Majirani walinunua mali za waliohamishwa kwa bei ya kutupa. Hapakuwa na mtoto aliyeibwa wala agizo la siri kutoka ng'ambo.

Na hapa pana jambo moja la kuwasifia Wamarekani, nalo lastahili kutajwa kwa kuwa ndilo jibu la swali letu. Karibu miaka 40 baadaye iliundwa tume ya kulichunguza jambo hilo. Taarifa yake ya mwaka 1983 haikumtafuta mchawi. Ilisema kuwa sababu zilikuwa ubaguzi wa rangi, jazba ya vita, na kushindwa kwa viongozi kuongoza. Yaani tume ilisema, kwa lugha ya kiserikali, kwamba ni sisi. Mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kuomba radhi, na kila aliyekuwa hai kati ya waliofungwa akapewa dola 20,000. Fedha hizo hazikurudisha shamba wala ujana wa mtu. Lakini radhi iliwezekana kuombwa kwa sababu dhima ilikuwa na mwenyewe. Lau wangalikuwa wamepata njama ya kuitupia, nani angaliomba radhi, na kwa nani? Mtu haombi radhi kwa tendo la shetani.

Hilo ndilo linalopotea pale tunapoukubali mpinduko wa Evelyn kwa moyo mkunjufu. Twadhani tumepata kujua zaidi, kumbe tumejinyima njia ya kutubu. Aliyetendwa tu hana la kutubia, na asiye na la kutubia hana la kurekebisha. Atabaki kungoja njama nyingine, njema safari hii, ije imwokoe. Aliyekiri kuwa aliitika, huyo angaa ana mlango mkononi mwake, na kesho ukigongwa anaweza kuamua vingine.

Kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi huyashika mambo vyema zaidi yanapopimwa kwa mizani, nimeyatia katika ubeti mmoja:

Aliyeita kaita, ni nani aloitika?
Kamba hata wakivuta, shingoni nani kaweka?
Sababu ukizileta, dhima haitaondoka,
Moyo ndio utajuta, siku yake ikifika.

Bess hakuwa na haja ya kuambiwa mtoto wa Lindbergh yuko wapi. Alikuwa akijua Seldon yuko wapi, na ni saini za kina nani zilizomfikisha huko. Katika nyakati ambazo kila mwenye makosa ana siri ya kutusimulia, ujuzi wa namna hiyo, wa majina yaliyo karibu na matendo yaliyo wazi, watosha kumwongoza mtu asipotee.